Kukosoana Kazini Bila Kukosana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya watu wanaofanya kazi Unguja na Pemba: wahudumu wa hoteli za Paje, Nungwi na Kiwengwa, walimu wa skuli, makarani wa wizara, wauguzi, wauza duka wa Darajani, akina mama wa vikundi vya mwani. Kila mmoja anauliza kwa maneno yake, lakini shida ni ileile: nimwambieje mwenzangu kuwa kazi yake haiko sawa, na nikiambiwa mimi nipokee vipi. Utaona majibu mengine marefu na mengine mistari michache tu. Msimamo wangu ni mmoja katika yote: mwenye kazi ndiye anayestahiki kuwa wa kwanza kusikia kasoro ya kazi yake, kabla ya barza, kabla ya kundi la WhatsApp, na kabla ya bosi.

Kwa nini hapa kwetu ni vigumu hivi kumwambia mtu kasoro ya kazi yake?

Kwa sababu tunajuana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Mtu unayefanya naye kazi Wete ni mtoto wa jirani wa shangazi yako, au alimsomesha mdogo wako chuoni, au Ijumaa mtasimama safu moja msikitini. Ukimkosoa saa tatu asubuhi, jioni mnakutana kwenye hitma. Basi mtu anaona muhali. Ananyamaza, anaimalizia kazi ya mwenzake kimyakimya, miezi inapita, kisha siku moja analipuka kwa sababu ya kikombe ambacho hakikuoshwa, na yanayomtoka siku hiyo ni ya mwaka mzima.

Muhali huo una asili njema, maana unatokana na kutotaka kumvunjia mtu heshima, na sipendi kumsikia mtu akisema tuutupe tuwe wakavu. Lakini kunyamaza hakumlindi mwenzako. Mfikirie mpokea wageni ambaye anawajibu wageni bila kuinua uso kutoka kwenye kompyuta. Hakuna aliyemwambia. Ataendelea hivyo mpaka mkataba wake uishe usiongezwe, naye arudi kijijini kwao bila kujua kosa lake lilikuwa nini, na wenzake wote walikuwa wanalijua. Kila mmoja alidhani anamstahi. Mimi nasema walimnyima haki yake.

Nitajuaje kama ninalotaka kusema linajenga, au ni hasira zangu tu?

Tafuta kitu kimoja kilichofanyika, ukitaje siku yake na mahali pake. Ukikosa, ukabaki na maneno kama "hajali", "ana dharau", "mvivu yule", basi bado uko kwenye hasira. Ngoja. Uvivu hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni ripoti iliyokuja Jumatano badala ya Jumatatu.

Kisha angalia kama ni jambo ambalo ana uwezo wa kulibadilisha. Sauti yake, lafudhi yake ya Kipemba au ya Kimakunduchi, umbo lake, kwao ni wapi: hayo hayana nafasi katika mazungumzo ya kazi, hata kwa mzaha.

Hili limechunguzwa pia na wataalamu. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu watu wanaoambiwa jinsi walivyofanya kazi zao. Kwa wastani kuambiwa kulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, kazi ilishuka baada ya mtu kuambiwa. Maelezo yao ni kwamba maneno yakimtoa mtu kwenye kazi yakampeleka kwenye kujifikiria yeye mwenyewe, thamani yake na anavyoonekana, faida hupungua. Ukimwambia mtu "hesabu ya mstari wa nne haijafungwa", anatazama mstari wa nne. Ukimwambia "wewe si mtu wa hesabu", hatazami kitu, anaumia tu.

Nipe maneno yenyewe. Naanzaje?

Tuchukue hoteli ya pwani. Msimamizi wa usafi wa vyumba anataka kuzungumza na mhudumu aliye chini yake. Amemsubiri amalize chai ya saa nne, wamekaa kwenye benchi la uani karibu na kamba za kuanikia mashuka.

"Dada, nipe dakika tano. Nataka tuzungumze kile chumba cha nane cha jana."

"Kimefanyaje?"

"Mgeni aliingia saa nane mchana akakuta mchanga bafuni, na taulo la pwani la mgeni aliyetoka bado limetundikwa nyuma ya mlango. Ikabidi tumhamishe. Ilikuwaje?"

"Nilikuwa na vyumba kumi na viwili, mwenzangu hakuja. Cha nane nilikianza nikaitwa dobi, niliporudi nikakuta kimeshaandikwa kuwa tayari."

"Sikujua kama ulikuwa peke yako. Aliyekiandika ni nani?"

"Mimi, asubuhi, nilipoviandika vyote pamoja."

"Basi tufanye hivi. Siku ukiachwa peke yako nipigie kabla ya saa sita, nitakutafutia mtu. Na chumba usikiandike mpaka umefunga mlango wake. Itakuwa vigumu?"

"Haitakuwa."

Tazama alichokifanya. Ametaja chumba na saa, akasema mgeni alikuta nini na hoteli ikalazimika kufanya nini, halafu akauliza. Lile swali la "ilikuwaje" ndilo lililoibua mambo mawili ambayo hakuyajua: mtu mmoja alikuwa na kazi ya watu wawili, na orodha ilikuwa inajazwa mapema kuliko kazi yenyewe. Mara nyingi sana kosa unalomfuata nalo mtu utakuta nusu yake iko kwenye mpangilio wa kazi. Kama ungeanza na "vyumba vyako kila siku vichafu", angekutajia siku zote vilipokuwa visafi, na habari ya orodha isingetoka.

Taasisi ya Marekani ya mafunzo ya uongozi, Center for Creative Leadership, inafundisha mpangilio wa namna hii kwa hatua tatu: hali, kitendo, athari. Mimi naongeza ya nne, kuuliza, na kwa hapa kwetu naiona ndiyo kubwa. Mtu akiulizwa anajiona bado ana heshima yake.

Usizidishe dakika kumi. Usilete kosa la pili kwa kuwa umeshafungua mdomo.

Nimefundishwa nianze kwa sifa, nitie kosa katikati, nimalizie kwa sifa. Ni sawa?

Sioni faida yake. Mtu mzima akisikia "unajitahidi sana, mashaallah" na bosi hajawahi kumwambia hivyo, anakaa anasubiri "lakini". Sifa inaharibika na kosa halisikiki. Sifa ya kweli itoe siku yake, peke yake, kazi ikiwa nzuri. Ukiwa na neno la kukosoa, msalimie mtu vizuri, muulize hali na watu wa nyumbani kama ilivyo desturi, kisha ingia kwenye jambo.

Ni lazima iwe faraghani?

Kosa la mtu mmoja, ndiyo. Mtume (S.A.W.) amesema dini ni nasaha, na masheikh wetu wametufundisha tangu chuoni kuwa nasaha mbele ya watu hugeuka fedheha. Mtu aliyefedheheka hasikilizi. Anahesabu nani wanamtazama.

Kuna hali moja tu ya kusema papo hapo mbele ya yeyote: penye hatari. Muuguzi anaelekea kutoa dozi isiyo yake, fundi anagusa waya bila kuzima umeme, nahodha wa boti ya kupeleka watalii Mnemba anaondoka na jaketi za kuokolea pungufu. Hapo piga kelele. Samahani utaiomba baadaye.

Na kosa linalofanywa na wote lisemwe kwa wote, bila kumkazia macho mmoja.

Mimi ni mwanamume na ninamsimamia mwanamke. Nikimwita faraghani watu watasema. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahiki jibu la wazi, kwa sababu wasimamizi wengi wanaume huliepuka kwa kutomwambia mwanamke neno lolote. Matokeo yake anakosa mafunzo ambayo wenzake wanaume wanayapata barazani, kisha ukifika wakati wa kupandisha vyeo inasemwa kuwa hajakomaa.

Faragha ya maneno haihitaji mlango uliofungwa. Kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki: benchi chini ya mwembe, meza ya pembeni ya mkahawa wa wafanyakazi wakati hakuna watu, ofisi yenye mlango wazi mkazungumza kwa sauti ya kawaida. Kama mmoja wenu bado hana raha, mwombe msimamizi mwanamke akae nanyi, na umwambie huyo mfanyakazi mapema nani atakuwepo na kwa nini. Yote hayo yanafanyika saa za kazi, na hakuna ujumbe wa usiku wa "nataka kukwambia kitu kesho". Mwanamke anayemsimamia mwanamume afuate utaratibu huohuo.

Sipendi ugomvi. Si bora nimtupie kijembe, atajijua mwenyewe?

Hapana. Najua tuna kipaji. Visiwa vilivyomlea Siti binti Saad na Bi Kidude havina uhaba wa watu wa kufumba, na mwanamke wa Mjini anaweza kukupitia mbele na kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" ukajua umeambiwa bila yeye kufungua mdomo. Ni sanaa, ina raha yake harusini na kwenye taarabu, watu wakatunza na wakacheka.

Kazini kijembe kina kasoro ambayo haitibiki: aliyepigwa hajui ameambiwa arekebishe nini. Ukisema kwa sauti, "Wengine hapa wanakuja kazini kupumzika", watu watano watadhani umewasema wao, na yule uliyemkusudia atacheka pamoja nanyi. Na hata akijijua, umempa nini cha kufanya? Hukutaja saa wala kazi. Atakachokishika ni kuwa umemwonea, na kesho yake ataleta chake kwenye hali ya WhatsApp, kisha wewe utajibu, na baada ya wiki mbili ofisi ina pande mbili ambazo haziazimani hata kalamu.

Ukiona ulimi unataka kufumba, chukua ishara hiyo kuwa jambo limeshakukera kiasi cha kusemwa wazi. Mtafute mwenyewe. "Shoga, juzi ulitoka saa saba na zamu yako ilikuwa mpaka saa tisa, nikabaki peke yangu na wateja. Nilikasirika, ndiyo maana nimekuja kukwambia wewe." Maneno hayo kwa shoga yako hayavunji ushoga.

Na kundi la WhatsApp la kazini?

La matangazo tu. Picha ya meza ya mtu iliyo chafu, yenye maandishi "hii ndiyo kazi gani?", ikishaingia kwenye kundi haifutiki vichwani mwa watu hata ukiifuta kwenye simu.

Nimepewa kusimamia mtu aliye sawa na baba yangu kwa umri. Nitamkosoaje?

Heshima yake isipungue hata kidogo, na kazi nayo isipungue. Vijana wengi huamini ni lazima wachague moja, basi au wanakuwa wakali ili waonekane mabosi, au wanamwacha mzee afanye atakavyo mpaka wengine wanalalamika.

Nenda kwake wewe, usimwite. Shikamoo iwe ya kweli, mwite unavyomwita siku zote, mzee au maalim au ami. Halafu sema jambo bila kulizungusha: "Ami, daftari la stoo la mwezi huu lina siku sita hazikuandikwa. Wakaguzi wakija tutaulizwa sote. Naomba tulijaze leo, na nataka kujua nini kinachokuzuia." Huenda macho yake hayaoni vizuri mistari midogo na hajataka kusema. Huenda hakubaliani na daftari jipya na ana sababu nzuri, maana stoo ameanza kuisimamia wewe ukiwa darasa la pili. Akikupa sababu nzuri, ifuate, na wenzako wajue kuwa rai ilikuwa yake.

Usimwombe radhi kwa kuwa bosi wake. Ukianza na "samahani sana mzee, mimi sikutaka, wakubwa wameniagiza", umemfanya akuhurumie, na umeacha kazi bila mwenyewe. Musa na Haruni walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa wamwambie kwa maneno laini, na ujumbe ulibaki ujumbe.

Na mimi je, karani tu wa Pemba? Naweza kumkosoa mkubwa wangu, Afisa Mdhamini kwa mfano, yule anayeiongoza wizara kwa upande wa Pemba?

Unaweza, na kuna wakati ni wajibu. Nataka nilieleze hili kwa kirefu kwa sababu ndilo watu wanaloliogopa kuliko yote.

Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, kulikuwa na ukungu mzito. Ndege mbili za Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Ndani ya ndege ya KLM, fundi wa safari aliuliza kama ile nyingine, ya Pan Am, imeshaondoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake, alijibu kuwa imeondoka, akaendelea kuruka. Haikuwa imeondoka. Walikufa watu 583. Ajali ile na nyingine za miaka ileile ziliyafanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha wadogo kusema tena pale wasiposikilizwa, na wakubwa kuuliza na kusikiliza. Mafunzo hayo leo ni ya kawaida kwa marubani duniani.

Yule fundi alikuwa na jambo la kweli, akalisema mara moja, tena kwa sura ya swali. Hivi ndivyo tunavyowasemesha wakubwa zetu: "Sijui mkubwa kama labda tungeangalia…" Mkubwa mwenye haraka hasikii onyo hapo, anasikia karani ana wasiwasi kidogo.

Kwa hiyo mwendee mapema, kabla uamuzi haujatangazwa, kwa sababu mkubwa aliyekwisha kutamka mbele ya watu ni vigumu kurudi nyuma. Nenda na karatasi. Mwambie kitakachotokea, si kwamba amekosea: "Mkubwa, tukiwaita walimu wa Micheweni Jumatatu Chake saa mbili, walio mbali watakosa usafiri wa kuwafikisha kwa wakati. Napendekeza saa nne. Nimeandika ratiba ya pili hapa." Umempa njia ya kutokea. Akikataa na jambo si la hatari, umetimiza wajibu wako, tekeleza. Kama ni la hatari kwa watu au kwa fedha za umma, sema mara ya pili, wazi zaidi, kisha liandike.

Na wakubwa wanaosoma hapa: mtu akikuletea neno kama hilo, wa kwanza kukuletea, wengine wote wanatazama atatokaje mlangoni kwako.

Meneja wangu ni mgeni, anatukosoa kwa ukali mbele ya wageni wa hoteli. Anasema kwao ndivyo ilivyo.

Inaweza kuwa kweli kwamba kwao mtu huambiwa kosa moja kwa moja na saa hiyohiyo wanakunywa kahawa pamoja. Unyoofu huo si dhambi, na baadhi ya wafanyakazi wetu wamejifunza mengi kutoka kwa mameneja wa namna hiyo. Kufoka mbele ya wageni ni jambo jingine. Hakuna utamaduni unaolazimisha hilo, na hata yeye hafanyi hivyo kwa mmiliki wa hoteli.

Mwombe muda, mweleze kwa mfano mmoja. "Jana uliponiambia kuhusu glasi mbele ya meza ya wageni, nilishindwa kufikiri, nikaharibu na oda iliyofuata. Niambie jikoni, nitarekebisha haraka zaidi." Mengi hubadilika kwa mazungumzo ya namna hiyo, hasa yakitoka kwa mtu ambaye kazi yake inaaminika. Yasipobadilika, nendeni watu wawili au watatu kwa afisa utumishi, mkiwa na tarehe na matukio.

Upande wa pili nao usemwe: tusimfanye mgeni aonekane mkali kwa sababu tu amesema kweli. Glasi ilikuwa chafu au haikuwa chafu?

Nikikosolewa moyo unanidunda na maneno yananipotea. Nipokee vipi?

Hiyo ni hali ya kila mtu, hata wanaoonekana watulivu. Mwili unachukulia maneno hayo kama shambulio. Usijilazimishe kujibu wakati huo. Vuta pumzi, sikiliza mpaka mwisho, na kama una kalamu andika. Mkono ukiandika mdomo hautangulii.

Kisha uliza mfano. "Nimekusikia. Nitajie mara moja ilipotokea." Uliza ukiwa unataka kujua kweli, maana swali hilohilo likitoka kwa kiburi ni ugomvi. Rudia ulichoelewa kwa maneno yako mwenyewe. Mara nyingi utakuta umesikia kubwa kuliko lililosemwa. Amesema barua mbili za jana zilikuwa na makosa ya tarehe, wewe umesikia hufai kazi.

Huna wajibu wa kukubali papo hapo. "Nipe mpaka kesho nilifikirie" ni jibu la mtu mzima, mradi kesho urudi kweli. Usiku huo usimpigie kila rafiki kumsimulia ulivyoonewa. Mtu wa nne atakayekuunga mkono atakuwa amekusahaulisha kilichosemwa. Mwulize mmoja, anayeijua kazi yako na asiyekuogopa.

Halafu chuja. Katika ukosoaji mbaya kabisa, wa mtu asiyekupenda, aliyesema kwa wakati mbaya na kwa maneno mabaya, bado inawezekana pana neno moja la kweli. Lichukue hilo neno, mengine mwachie mwenyewe. Ni kazi ngumu, na wanaoiweza ndio ninaowaona wakipanda haraka, wawe na vyeti au wasiwe navyo.

Kama si kweli, sema si kweli, kwa ushahidi na kwa sauti ileile. Kukaa kimya kwa adabu hakukusaidii; mwezi ujao kitu hicho kitakuwa kimeandikwa kwenye faili lako.

Sisi ni kikundi cha mwani, hatuna bosi. Nani amkosoe nani?

Swali zuri, kwa sababu vikundi vingi huvunjika hapo. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wanaoulima wengi ni wanawake, tena ndugu na majirani wa kijiji kimoja. Wote wanaingia baharini bamvua moja, maji yanapokupwa sana, wote wanauza pamoja. Mmoja akianika mwani wake mchangani ukachanganyika na mchanga, au akaufunga magunia haujakauka vizuri, mnunuzi anakata bei ya kikundi kizima. Wenzake wanajua gunia ni la nani. Wanarudi nyumbani wamenuna, na bamvua linalofuata wawili hawaji.

Dawa yake ni kukubaliana mapema, kabla gunia la mtu halijakosewa, kwamba kila mwani utatazamwa na watu wawili kabla ya kupimwa, kwa zamu, na wa mwenyekiti utatazamwa kama wa wengine. Hapo anayesema "huu bado mbichi, urudishe kwenye chanja" anatimiza zamu yake tu, na kesho atatazamwa yeye. Utaratibu huo unaondoa muhali kuliko hotuba yoyote. Anzeni na mwani wa mwenyekiti.

Ofisini kwetu tunasubiri tathmini ya mwisho wa mwaka. Haitoshi?

Makunduchi wana Mwaka Kogwa, kila Julai, watu wanachapana kwa migomba, yaliyokuwa moyoni yanatoka na mwaka mpya unaanza. Inafaa kwao kwa sababu kijiji kizima kinajua siku hiyo ni ya hilo, na ikiisha imeisha. Tathmini ya kazini haiko hivyo. Mtu akiambiwa Juni kuwa Septemba iliyopita alikosea, hawezi tena kuirekebisha Septemba, na alama inabaki kwenye karatasi. Kila jambo lisemwe ndani ya siku mbili tatu. Tathmini ikifika, kusiwe na neno ambalo mtu analisikia kwa mara ya kwanza.

Ramadhani je?

Semeni asubuhi, kabla njaa na kiu havijazidi. Jambo la saa tisa alasiri lingoje kesho, isipokuwa la hatari.

Ukosoaji unaishia wapi na onyo rasmi linaanzia wapi?

Ukosoaji ni mazungumzo, hauna faili. Onyo ni hatua ya nidhamu, lina utaratibu wake, na usilifiche ndani ya mazungumzo ya kirafiki. Ukifikia hapo mwambie mtu wazi kuwa sasa ni nidhamu, na umpe nafasi ya kujieleza.

Jihadharini na jambo moja. Masuala ya ajira hayamo katika mambo ya Muungano. Watu wanasoma kwenye simu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara, wakadhani ndiyo inayowahusu. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na watumishi wa umma wana Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Penye mgogoro, waoneni Kamisheni ya Kazi au chama chenu cha wafanyakazi kabla ya kusaini chochote.

Nimemwambia mwenzangu kwa adabu zote, sasa ameacha kunisalimia. Nifanyeje?

Msalimie wewe. Kila asubuhi, kama zamani, hata asipojibu zaidi ya kichwa. Usimfuate kumuuliza "umenikasirikia?", na usilifungue lile jambo tena kujitetea. Kama kwao kuna msiba, nenda. Kama kuna harusi na umealikwa, nenda na mchango wako. Wengi hurudi wenyewe, kwa sababu hasira ya kuambiwa kweli huchoka mapema ikiwa aliyesema hajabadilika. Na ile kazi uliyomkosoa itazame, siku akiifanya vizuri mwambie siku hiyohiyo, mbele ya watu, kwa kuitaja: "Ripoti ya wiki hii hesabu zimefungwa zote, nimeipeleka kwa mkurugenzi kama ilivyo."